Bango Lilisema "Bure": Uchambuzi wa Siku Moja ya Programu Huru Chake Chake

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kila pale watu wa kujitolea wanapoandaa siku ya kuwaonesha wananchi programu huru, kikawekwa Chake Chake, Pemba, Jumamosi ya tarehe 20 Septemba 2025. Idadi ya watu na mashine ni ya mfano. Vipimo, hatua na makosa ya kiufundi ni kama yalivyo, na atakayeandaa siku kama hii atayakuta hivyo hivyo.

Waandaaji walikuwa tisa: wanafunzi wanne wa kompyuta, walimu wawili wa skuli za sekondari, fundi simu mmoja, karani wa steshenari na kijana anayesomesha madrasa jioni. Hakuna aliyelipwa. Ukumbi ulikuwa wa skuli. Tarehe ilichaguliwa kwa makusudi, kwani Jumamosi ya tatu ya Septemba ndiyo kwa kawaida huadhimishwa Siku ya Uhuru wa Programu, iliyoanza 2004. Mwaka huo kulikuwa na sababu ya ziada: ilipofika 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikuwa inasitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 haiingii kirasmi kwenye mashine isiyo na TPM 2.0, yaani kichipu cha usalama, wala, kwa upande wa Intel, kwenye prosesa iliyo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Laptopu za mtumba za kizazi cha tatu mpaka cha sita, zile zinazouzwa kwa bei ya mshahara wa mwalimu, zote zinabaki nje ya mlango.

Walikuja watu 83 na laptopu 31. Laptopu 11 ziliwekewa Linux Mint, mfumo huru wa Linux unaokaa mahali pa Windows, siku hiyo hiyo. Wiki sita baadaye zilizokuwa bado nayo ni 4. Saba zimerudishiwa Windows, na kati ya hizo tano zimerudishwa na mkono mmoja, wa fundi wa kompyuta wa mjini ambaye hakualikwa.

Waandaaji walisema Linux imewashinda watu. Siyo kweli, na hesabu ya hizo tano inatosha kuonesha hivyo. Kosa kubwa lilikuwa limeshaandikwa kwenye bango siku tatu kabla.

Neno lenyewe

Lilikuwa bango la vinili, mita mbili kwa moja, limefungwa kwenye uzio wa skuli tangu Jumatano: PROGRAMU ZA BURE KWA WOTE. NJOO NA KOMPYUTA YAKO.

Kwa Kiswahili, bure siyo bei peke yake. Tunasema amejisumbua bure, maneno ya bure, mtu bure kabisa. Neno limebeba hasara na upuuzi pamoja na ukarimu, na msikilizaji huchagua maana kwa kumtazama anayelisema. Vijana tisa wasiojulikana wakisema bure, watu husikia ile maana ya pili.

Isitoshe, bure haimpi habari mpya mtu ambaye tayari ana Windows na Word bila ya kuilipa kampuni hata senti. Windows aliyopigiwa na fundi ni ya kukraki, na alichokilipia ni mkono wa fundi. Kumwendea huyo na kusema "yetu sisi ni bure" ni kumuuzia mvuvi maji ya bahari.

Kiingereza kina udhuru. Neno lao moja, free, linabeba bei na uhuru kwa pamoja, na tangu Richard Stallman atangaze mradi wa GNU, wa kuandika mfumo huru wa kompyuta, mwezi Septemba 1983 watu wa programu huru wameshinda wakieleza kwamba wanazungumzia uhuru. Sisi hatuna shida hiyo. Tuna bure na tuna huru, kila moja na mlango wake. Waandaaji walikwenda kuazima tatizo la lugha ya watu wakalileta nyumbani.

Uhuru wenyewe ni wa mambo manne, nayo huhesabiwa kuanzia sifuri, kama wanavyopenda watu wa kompyuta. Sifuri: kuitumia programu kwa kazi yoyote. Moja: kuifungua ndani, kuisoma na kuibadili. Mbili: kumpa mwenzako nakala. Tatu: kugawa na ile uliyoibadili. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema usilipwe. Leseni ya GPL, inayotumiwa na programu huru nyingi, inaruhusu wazi kuuza nakala, na kutoza kwa kuweka na kutengeneza ni halali kabisa. Tutarudi hapo, kwa sababu ndipo zilipopotelea zile laptopu tano.

Bango la bure lilileta haja za bure. Watu walitaka antivairasi, bando, kufunguliwa simu, Windows mpya isiyouliza ufunguo. Kijana mmoja alikaa foleni dakika arubaini na simu ya kioo kilichopasuka. Huwezi kumlaumu, bango lilimwita.

Kazi ya wiki tatu kabla

Hapa waandaaji walifanya vizuri kuliko wengi.

Faili la usakinishaji la Linux Mint 22, toleo la Xfce ambalo ni jepesi, linakaribia GB 3. Walilipakua mara moja tu, usiku, kisha wakalihakiki kwa amri ya sha256sum na kulinganisha namba na ile iliyotolewa na mradi. Watu huiruka hatua hii kwa kuiona ya kitaalamu mno. Faili lililoharibika njiani linaweza kuwaka vizuri tu, halafu usakinishaji ukakwama katikati, na mwenye laptopu hatajua kama kosa ni la bando au la Linux.

Flashi zilikuwa 12 za GB 16. Kabla ya kuzitumia walizipima kwa f3, yaani f3write ijaze flashi na f3read isome kilichoandikwa. Mbili zilikuwa za uongo: zimeandikwa GB 16, ndani hazifiki nusu. Flashi ya namna hiyo inapokea data yote bila ya kulalamika, kisha inayozidi inaitupa au inaiandika juu ya ile ya mwanzo. Kwenye duka usiyolijua, nunua moja kwanza, ipime, ndiyo urudi kuchukua kumi.

Waliweka Ventoy, inayokuruhusu kunakili faili la usakinishaji kama unavyonakili wimbo na kuwa na mifumo kadhaa kwenye flashi moja. Kero yake ni Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaokataa kuwasha mfumo usioutambua. Ikiwa imewashwa, mara ya kwanza inatokea skrini ya buluu isemayo Verification failed, na mgeni anadhani kompyuta imekufa. Bonyeza OK, gusa kitufe chochote, chagua Enroll key from disk, ingia VTOYEFI, chagua faili linaloanza na ENROLL_THIS_KEY, thibitisha, iwashe upya. Hatua hizi zilipaswa kubandikwa juu ya kila meza. Zilikuwa kichwani mwa mwanafunzi mmoja, na mwanafunzi huyo alikuwa mmoja tu.

Karatasi nyingine inayofaa kubandikwa ni ya vitufe vya kuchagua flashi wakati wa kuwaka: HP F9, Dell na Lenovo F12, Asus Esc. Acer nayo ni F12, ila mara nyingi lazima kwanza uingie F2 ukairuhusu.

Kwa masasisho na vifurushi vya ziada walitumia apt-cacher-ng kwenye laptopu moja. Inapakua kifurushi mara moja kutoka nje na kukigawa kwa mashine nyingine ukumbini, kwa hiyo bando la mashine moja linatosha kumi na moja. Mashine zote huelekezwa huko kwa mstari mmoja wa proksi, mlango 3142. Jambo zuri, lakini laptopu tatu ziliondoka ukumbini na mstari ule bado umo ndani. Nyumbani kila jaribio la kusasisha lilikuwa linaitafuta mashine iliyokwishafungwa ndani ya mkoba wa mtu Machomane, na likishindwa. Mstari huo ufutwe mbele ya mwenye mashine kabla hajasaini karatasi ya kuondoka.

Umeme, sheha na fulana

Umeme wa Pemba umekuwa ukitoka bara kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, na hata siku ambayo waya huo uko salama, ukumbi wa skuli una mita yake ya TUKUZA, ya kulipia umeme kabla. Hesabu ilikuwa rahisi: chaja 12 za wati 65 ni wati 780, projekta 300, ruta na vidude vingine kidogo. Jumla kama kilowati 1.1. Kwa saa sita ni uniti zisizofika saba. Lakini nani aliangalia mita ina uniti ngapi Ijumaa jioni? Hakuna. Saa 4:40 asubuhi umeme ukakatika, na wala halikuwa kosa la waya wa baharini. Mita ilikuwa imefika sifuri.

Laptopu nne zilikuwa katikati ya usakinishaji. Mbili betri zake zilikuwa zimekufa zamani, zikazima hapo hapo na diski zikiwa hazina mfumo wa zamani wala mpya. Faili zilikuwa zimenakiliwa kwanza, alhamdulillahi, lakini mwenye mashine haoni nakala. Anaona skrini nyeusi. UPS ya kawaida ya VA 650 inabeba laptopu nne kwa dakika chache tu, za kumaliza iliyokaribia mwisho au kuzima kwa heshima, na hiyo ndiyo iwe mipaka ya meza ya usakinishaji: mashine nne kwa wakati mmoja, basi.

Kuhusu ruhusa hatuna mengi. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, kura zilikuwa 29 Oktoba, na mkusanyiko wowote wa vijana wenye bango ulitazamwa mara mbili. Barua ilikwenda kwa sheha wiki tatu kabla na nakala wilayani. Fulana nusura ziwaharibie. Mtu mmoja alipendekeza kijani kwa sababu rangi ya Mint ni kijani. Mwengine akasema zambarau inapendeza. Atakayevaa kijani na njano kisiwani mwezi wa kampeni amejitangaza CCM, na atakayevaa zambarau amejitangaza ACT-Wazalendo, hata kama mgongoni imeandikwa Linux kwa herufi za ukubwa wa sahani. Walivaa nyeupe.

Meza

Meza za usakinishaji zilikuwa ndiyo kiini cha siku. Hatuoni kwamba zilistahili nafasi hiyo.

Tazama laptopu moja ya mwalimu: HP, prosesa ya i3, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, ndani kuna mitihani ya miaka minne. Hatua sahihi zilikuwa hivi. Kwanza nakili faili zote nje. Angalia afya ya diski kwenye programu ya Disks, sehemu ya SMART; ikionesha sekta zilizohamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoharibika, zinaongezeka, usiweke chochote, mwambie abadilishe diski. Kisha washa Linux kutoka kwenye flashi bila ya kugusa diski, ujaribu sauti, Wi-Fi, mwangaza wa skrini, na uchapishe karatasi moja kama printa ipo. Ikiwa Windows inabaki pembeni, zima ile tabia yake ya kulala badala ya kuzimika, kwa amri ya powercfg /h off, maana bila ya hivyo Linux itaona folda za Windows lakini haitaruhusiwa kuandika humo. Na kwenye mashine mpya kidogo, kabla ya kugusa Secure Boot, endesha manage-bde -status. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, na mwenyewe hana ule ufunguo wa tarakimu 48, funga laptopu umrudishie kwa adabu.

Kwenye diski ya kuzunguka kazi yote hii, ukijumlisha kunakili, inakula saa mbili na zaidi. Mashine 31 hazikuwa zinawezekana hata kwa miujiza. Presha ya foleni ndiyo iliyofanya hatua ya kujaribu irukwe, na katika zile 11, tatu ziligundulika ukumbini kuwa Wi-Fi yake ni ya Broadcom na haishiki mpaka iongezewe dereva, na dereva mara nyingi inataka intaneti. Dawa yake ni nyepesi: chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa waya, Linux itaitambua kama kadi ya mtandao, kisha ufungue Driver Manager. Dakika kumi. Ila dakika hizo kumi zilikuwa za jasho, mwenye mashine amesimama juu ya bega.

Meza ya flashi ndiyo iliyobadili nyuso za watu. Karani wa steshenari ndiye aliyeishauri, kwa sababu yeye huona kila siku: mtu anakuja kuchapa barua, flashi ina ugonjwa, faili zote zimegeuka shortcut. Kirusi cha aina hii hakifuti kitu. Kinatengeneza folda iliyofichwa ambayo jina lake ni herufi isiyoonekana, kinahamishia humo faili zako zote, kisha kinaacha nje njia ya mkato ambayo ukiibonyeza inaendesha skripti yake kwanza ndiyo ikuoneshe faili. Kwenye Linux skripti hiyo haina pa kukanyaga kwa sababu imeandikiwa Windows, na folda iliyofichwa inajitokeza yenyewe na jina lake tupu, kwani Linux haifuati alama ya kuficha ya Windows. Unaingia, unatoa vitu nje, unafuta njia za mkato na skripti.

Bibi mmoja muuza maandazi alikuja na flashi ya harusi ya mwanawe. Picha zilipojitokeza moja moja kwenye projekta, foleni nzima iligeuka.

"Wallahi nilishazilia," akasema.

Dakika tatu zilitosha. Hapo ndipo pa kumweleza mtu kwa nini programu iliyo wazi inakuonesha kila kilichomo kwenye flashi yako. Lakini kijana wa mezani alisema "Linux haina virusi", na hilo siyo kweli, tena ni ahadi itakayomrudia. Flashi ile ile ikichomekwa tena kwenye mashine ya steshenari inapata ugonjwa ule ule.

Meza nyengine haikuwemo kwenye ratiba. Kijana wa madrasa alikaa pembeni na laptopu yake akichapa mtihani wa fiqhi kwa Kiarabu, na walimu wenzake wawili wakasogea. LibreOffice, programu huru ya kuandikia inayofanya kazi za Word, ikishaambiwa kwenye mipangilio ya lugha kwamba inatumika kwa maandishi ya kulia kwenda kushoto, Ctrl+Shift+D hugeuza aya kuanzia kulia na Ctrl+Shift+A huirudisha. Hati (fonti) za Amiri na Scheherazade ni huru na zinaweka irabu mahali pake bila ya kugongana. Kisha mzee mmoja akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi ya maswali: na Kiswahili cha herufi za Kiarabu? Kibodi ya kawaida ya Kiarabu haina پ wala چ. Ya Kiajemi inazo, na kuiongeza kwenye Mint ni mibonyezo mitano. Mzee aliandika "paka" na "chai", akacheka, akaomba kuchapiwa.

Hao watatu, walimu wawili na mzee, ndio wako kwenye zile laptopu nne zilizobaki. Walikuja bila ya kuvutwa na bango, na walipata kitu ambacho fundi wa kukraki hajawahi kuwapa.

Shughuli zilisimama saa 6 na robo kwa adhuhuri. Ratiba iliyoandikwa "saa 2 mpaka saa 9 mfululizo" imeandikwa na mtu aliyesahau alipo. Kwa hali ya Septemba usianze usakinishaji wowote baada ya saa 4 asubuhi ikiwa hutaki mashine ya mtu ibaki wazi ukumbini bila mlinzi.

Jumatatu

Simu zilianza saa 3 asubuhi, na karibu zote zilihusu kuchapa.

Mwalimu amechapa mtihani kwa LibreOffice, ameuhifadhi, ameupeleka steshenari. Faili linaishia .odt, na Word ya zamani pale dukani hailifungui, au inalifungua na majedwali yametawanyika. Mwengine amehifadhi .docx lakini mistari imehama ukurasa. Chanzo ni fonti: kama Carlito haijawekwa, Calibri hubadilishwa na fonti yoyote iliyopo, upana wa herufi unabadilika, na ukurasa wa pili unapanda wa kwanza. Carlito imetengenezwa iwe na upana ule ule wa Calibri, na Liberation Serif ule ule wa Times New Roman. Ziwekwe zote ukumbini. Kwenye mipangilio ya kuhifadhi, .docx iwe ndiyo ya kawaida. Na kwa kazi inayokwenda kuchapwa nje, toa PDF, kwani fonti husafiri ndani yake. Ni mambo matatu ya dakika tano, na kama yangefanywa Jumamosi simu nyingi zisingepigwa.

Printa ya ofisi ya skuli ilikuwa HP LaserJet P1102. Linux inaitambua papo hapo, lakini haichapi mpaka iongezewe kipande kingine kutoka HP ambacho hupakuliwa kando kwa amri ya hp-plugin, nacho lazima kilingane na toleo la hplip, programu ya printa za HP, lililomo. Kipande hicho siyo programu huru. Wapo wanaharakati watakaokasirika kwa kukiweka, na wana hoja. Sisi tunaona mwalimu mkuu asiyeweza kuchapa ripoti Jumatatu atakuwa amefuta uhuru wote ifikapo Jumanne. Kiwekwe, na aambiwe wazi kwamba hicho ni kipande kisicho huru, ili siku ya kununua printa nyengine aulize kwanza.

Kulikuwa pia na la saa. Mashine zenye mifumo miwili ziliporudi Windows saa ilikuwa nyuma kwa masaa matatu, kwa sababu Linux huandika saa ya Greenwich kwenye ubao wa mashine na Windows huisoma kana kwamba ni ya hapa. Mtu mmoja aliadhiniwa alasiri na laptopu yake jua limeshazama. Amri ni moja, timedatectl set-local-rtc 1, na ilikuwa ya kuingizwa tangu ukumbini.

Fundi

Sasa tumrudie yule aliyefuta tano.

Fundi wa mjini anaishi kwa kupiga Windows. Mteja anamletea mashine nzito, anaifuta, anapiga Windows ya kukraki na Office yake, anachukua, tuseme, shilingi elfu kumi na tano, na baada ya miezi minne virusi vinamrudishia mteja yule yule. Jumamosi moja vijana wamefunga bango linalosema kazi yake ni ya bure. Jumatatu watu wenye matatizo ya kuchapa hawampati mtu wa kujitolea, maana mmoja yuko chuoni, mwengine kapanda boti ya Unguja, na wanamwendea yeye. Yeye hajawahi kuiona Mint. Anafanya anachokijua, na anamwambia mteja, "Hii walokuwekea siyo kompyuta."

Angefanya nini zaidi? Bango lilimtangazia vita, halafu likampelekea wagonjwa.

Programu huru haina sababu ya kugombana naye. Uhuru namba mbili unampa nakala, sheria iko upande wake, na hakuna leseni inayomkataza kutoza elfu kumi na tano zile zile. Kinachobadilika ni kwamba hauzi tena kitu cha kukraki, na mteja anamlipa kwa kazi anayoweza kuisimamia. Neno huru lingemwalika. Bure ilimfungia mlango, na iliwafunga hata waandaaji wenyewe: aliyeambiwa huduma ni ya bure hupiga simu saa 5 usiku na hushangaa ikikosa kupokewa.

Duru ya pili

Tungeipanga hivi.

Mafundi wawili au watatu wa mjini wafundishwe kwanza, siku mbili, wiki moja kabla, wakiondoka na flashi zilizopimwa, karatasi za hatua na orodha ya printa zilizojaribiwa. Siku yenyewe wao ndio wakae kwenye meza ya usakinishaji na bei yao imeandikwa wazi. Watu wa kujitolea wakae kwenye meza za kuonesha: flashi, Kiarabu, ramani.

Ramani tunaiongeza kwa sababu Zanzibar ina la kujivunia hapo. Mradi wa kuchora visiwa kwa droni, ulioanza 2016 na kuwashirikisha wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ni mfano unaofahamika nyumbani, na kazi ya namna hiyo ya kuchora juu ya picha za angani inaweza kufanywa na yeyote kwa QGIS, programu huru ya ramani, na OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, bila ya kumwomba mtu leseni. Mfungulie mtoto wa Wawi kijiji chake kwenye OpenStreetMap, mwache aongeze jina la kisima kinachokosekana. Ni uhuru namba moja, umeshikwa mkononi, hata kama hapo kilichobadilishwa ni data na siyo programu.

Mambo ya kwetu yanafaa kutajwa na sura zake zote mbili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice, mtangulizi wa LibreOffice, kwa Kiswahili. Ni jambo la kutia moyo. Pia linakumbusha kwamba tafsiri huhitaji mtu wa kuifuata kila toleo jipya linapotoka, kama vile laptopu inavyohitaji mtu wa kuuliziwa Jumatatu.

Siku ya kwanza asiwekewe mtu Linux kwenye diski. Aondoke na flashi inayowaka, aitumie siku saba, kisha aende kwa fundi akiwa na karatasi yenye mistari minne: Wi-Fi imeshika, sauti imetoka, printa imechapa, faili la .docx limefunguka sawa. Penye "hapana" fundi anaanzia hapo. Waandaaji watapata namba ndogo ya kujisifia jioni ile. Hilo tunalikubali bila ya kusitasita.

Steshenari ya yule karani iwe kituo. Mashine moja kati ya zake mbili iwekewe Mint, na ndiyo ya kupokelea flashi za wateja: faili zitolewe humo, zigeuzwe PDF, zipelekwe kwenye mashine ya kuchapia. Mwenye duka hahitaji hotuba ya uhuru ili akubali. Anahitaji wiki mbili bila ya kumwita mtu kuja kufuta virusi.

Na bango? Ukubwa ule ule, vinili ile ile, likiwa na maneno haya: LAPTOPU YA ZAMANI BADO INA KAZI. FLASHI YENYE SHORTCUT, NJOO NAYO. PROGRAMU HURU, MAFUNDI WAPO, BEI IPO. Chini yake, kwa herufi ndogo, majina ya mafundi, na siku wanazopatikana baada ya Jumamosi hiyo.